Pongezi kwa mafundi wa vipimo vya matangi

Kila tangi kubwa la petroli linalopimwa kwa rada lina fundi anayestahili shukrani zetu. Rada hukaa juu ya paa, hutuma mawimbi chini na kupima muda yanaoutumia kurudi. Mita 15 kwenda na kurudi ni nanosekunde 100 tu. Shida ni kwamba petroli hurudisha sehemu ndogo ya mawimbi hayo, takriban asilimia 3, ilhali ngazi ya chuma, bomba au mshono wa kuchomelea hupiga mwangwi wake kwa nguvu. Rada isiyofundishwa inaweza kuipima ngazi na kuiacha petroli.

Fundi mzuri husubiri tangi liwe tupu, au karibu tupu, ndipo arekodi mwangwi wa kila kilichomo ili rada iupuuze. Akirekodi likiwa nusu, anaweza kuufuta mwangwi wa petroli yenyewe, na hilo ni jambo la kutisha. Kule Buncefield, Uingereza, Desemba 2005, kipimo cha aina nyingine kilikwama, petroli ikafurika, bohari ikalipuka.

Ndiyo maana nawaheshimu mno mafundi wasiokubali kuharakishwa hata meli ikiwa inasubiri bandarini, wanaopanda tena na utepe wa kupimia, na hawasaini fomu mpaka namba mbili zikubaliane.