Kushuka si Kuanguka

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Methali hii husikika sana madarasani wanafunzi wanapoulizwa sababu ya anguko la mtu mkuu wa hadithi. Jibu huja upesi: alikuwa na kiburi, au tamaa, au ulevi, basi alipanda, akaanguka, akapata malipo yake. Jibu hilo si la uongo, lakini mara nyingi ni nusu ya jibu. Mwenye kulitoa amemtazama mtu, hakupatazama mahali aliposimama. Tena ameona kwamba mtu yuko chini, asiulize alishuka kwa njia gani, wala alishuka na nini mkononi. Nakualika, msomaji, tujifunze kuuliza maswali hayo kwa hadithi mbili zinazotupitisha Nairobi: Going Down River Road ya Meja Mwangi, iliyotoka mwaka 1976, na Petals of Blood ya Ngugi wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1977.

Tuanze na mahali. Wasomaji wengi hudhani kuwa mahali katika hadithi ni kama pazia nyuma ya wachezaji: laweza kubadilishwa na mchezo ukaendelea vile vile. Nairobi haikubali kutumiwa hivyo, kwa sababu mji wenyewe ni ngazi. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, magharibi ya mji. Huteremka ukapita Chiromo, ukazunguka katikati ya mji upande wa chini ya River Road, kisha ukaelekea mashariki. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu karibu kwa kufuata mteremko huo. Wazungu walitengewa miinuko ya magharibi, kama Kileleshwa, Lavington na Karen. Wahindi walikaa Parklands na Ngara. Waafrika wakapewa sehemu za mashariki, kama Pumwani na Kaloleni. Uhuru wa mwaka 1963 uliivunja mipaka ya rangi, lakini haukuivunja ngazi. Fedha zilikuja zikakaa pale rangi ilipokuwa imekaa. Hata katikati ya mji ngazi hiyo yaonekana. Upande mmoja wa Moi Avenue, iliyoitwa zamani Government Road, zimesimama ofisi kubwa na hoteli za fahari. Upande wa pili mtu huteremka kuelekea River Road, penye maduka madogo, vilabu na vyumba vya kulala vya bei rahisi. Mwendo kati ya pande hizo mbili ni wa dakika chache, lakini wako watu ambao hawajaumaliza maisha yao yote.

Sasa mtazame Ben, mtu mkuu wa hadithi ya Meja Mwangi. Alikuwa afisa wa jeshi, akafukuzwa kwa kuwauzia majambazi silaha. Twamkuta akiwa kibarua katika ujenzi wa jumba refu liitwalo Development House, pamoja na rafiki yake Ocholla. Anaishi na Wini, mwanamke mwenye mtoto mdogo anayejulikana kwa jina la Baby tu. Siku moja Wini anaondoka na mkubwa wake wa kazi, akimwacha mtoto. Ben anaipoteza nyumba, anahamia katika kibanda cha Ocholla bondeni karibu na mto, na vibanda vya huko vinachomwa moto na watu wa baraza la mji. Hesabu vidato: kambi ya jeshi, nyumba ya kupanga, kibanda, majivu. Kila hasara yamsogeza karibu zaidi na maji. Jina la kitabu limekwisha kutuambia kuwa hiki ni kitabu cha kushuka, kwa miguu na kwa daraja pia.

Je, ni nani wa kulaumiwa? Hapa mwanafunzi ajihadhari na makosa mawili. Kosa la kwanza ni kuutupa mzigo wote juu ya Ben. Kosa la pili ni kuutupa wote juu ya mji. Mji haukuuza silaha. Aliziuza Ben, naye siku hiyo alikuwa na cheo na mshahara. Lakini moto wa bondeni haukuuliza ni nani mlevi na ni nani mcha Mungu; uliteketeza vibanda vyote sawasawa. Vivyo hivyo katika kazi yake ya ujenzi: vibarua wanapandisha jumba juu kila siku, na kila siku linayopanda inaukaribisha mwisho wa kazi yao. Tabia ilimwondoa Ben juu. Mahali palimzuia asipande tena. Mhakiki mwema huzitenga sababu hizo, akaipa kila moja haki yake.

Lakini swali kubwa bado. Katika maisha hayo yote, Ben alikuwa chini kabisa siku gani? Ukipima kwa cheo, utasema ni siku alipolala kibandani. Ukipima kwa utu, jibu linageuka. Alikuwa chini kabisa siku ile alipovaa sare nzuri ya afisa akiuza silaha za kuulia watu, wala hapakuwa na mtu wa kusema kwamba ameanguka. Na huko bondeni, alikopoteza karibu kila kitu, alishuka na mtoto mkononi. Baby si damu yake, wala hapana sheria inayomfunga kwake. Mwandishi hamfanyi Ben malaika: anakunywa, anakasirika, anampiga mtoto, anamwona kuwa ni mzigo. Hata hivyo hamtupi; anamlisha na kumpeleka shule. Kwa hiyo hadithi hii ina safari mbili zinazopishana njiani, miguu ikiteremka na moyo ukipanda kwa shida. Msomaji anayeiona safari moja tu hajakimaliza kitabu, hata kama ameufikia ukurasa wa mwisho.

Lililo kweli kwa walio bondeni ni kweli pia kwa walio mlimani. Katika kitabu cha Ngugi, watu wa Ilmorog wanatembea mpaka mjini wakati wa ukame kutafuta msaada, na njiani mtoto Joseph anaugua. Wanabisha hodi katika mtaa wa matajiri ulioitwa Blue Hills. Jina hilo ni la kubuni, lakini nyumba zake na bustani zake zinatukumbusha vitongoji vya magharibi ya Nairobi. Kasisi mmoja anawaombea na kuwahubiri, asiwape chakula. Katika nyumba nyingine Kimeria anawashika kama wavamizi, kisha anamvunjia Wanja heshima yake. Baadaye Kimeria na wenzake wanakufa motoni, na darasa zima husema, "Sasa wameanguka." Sivyo. Walianguka siku ile mtoto mgonjwa alipofika malangoni mwao. Moto uliwakuta chini zamani.

Anguko la wakubwa ni rahisi kulitambua. Katika Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Julius Nyerere mwaka 1963, mji wote unamtazama mkuu anapouawa. Kibarua hana mji wa kumtazama. Ana msomaji tu, na kwa sababu hiyo jicho la msomaji lapasa kuwa la haki.

Haki hiyo tuitumie kwa kitabu chenyewe pia. Wini naye alikuwa na ngazi yake: alizaa akiwa bado mtoto, akajitahidi mjini kwa njia alizozipata. Twaona mgongo wake akiondoka, lakini hatuonyeshwi moyo wake. Mwandishi aliyempa Ben njia mbili alimpa Wini moja tu, na hapo kitabu kinapungukiwa.

Basi, utakapoulizwa tena juu ya anguko la mtu katika hadithi, usianze na hukumu. Uliza alisimama wapi, ni nani aliyemsukuma, alijitupa mwenyewe kwa kiasi gani, na ni kitu gani hakukubali kukiachia mkononi. Maswali hayo yatakufaa hata kitabu kikifungwa. Kawangware na Lavington ni majirani huko magharibi ya Nairobi, na hatua kati yao ni chache. Mwenye kupita hapo aweza kujua mara moja ni nani anayekaa juu na ni nani anayekaa chini. Ni nani aliyeanguka, hilo hawezi kulijua kwa kutazama mapaa ya nyumba.