Kafi Moja Ziwani Bunyonyi

Kutoka Kabale, mji wa milimani kusini-magharibi mwa Uganda, Ziwa Bunyonyi haliko mbali. Njia hupanda mgongo wa mlima, kisha huteremka kwa kona kali hadi kwenye gati la Rutinda. Hapo mgeni hutakiwa kuchagua chombo. Boti za injini zipo, nazo humzungusha visiwani na kumrudisha kabla chai ya saa kumi haijapoa. Pembeni yake imefungwa mitumbwi ya gogo moja, mirefu, myembamba, isiyo na rangi wala jina. Wageni wengi hukimbilia injini. Makala haya yanautetea mtumbwi, na kuliko mtumbwi, yanamsifu anayeupigia kafi.

Bunyonyi ni bonde lililozama. Inakadiriwa kwamba miaka 18,000 iliyopita lava ya volkeno iliziba mto Ndego, na maji yakarudi nyuma, yakapanda, yakameza kila kibonde kilichokuwa njiani. Vilima vilivyokuwa virefu zaidi vilibaki vichwa nje, na leo ndivyo visiwa 29 ambavyo watu wanavihesabu ziwani. Uso wa maji uko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake ni za sweta, na urefu wa ziwa ni kama kilomita 25 za kujipinda. Vipeperushi vya utalii hupenda kutaja kina cha mita 900. Wanasayansi walipopima walipata kama mita 40 tu. Hizo nazo zinatosha kumlazimisha kila abiria avae jaketi okozi, hata yule anayejua kuogelea. Mamba hawamo, viboko hawamo, ndiyo maana watu huoga huko bila woga, lakini maji ya mlimani ni baridi na ng'ambo huonekana karibu kuliko ilivyo.

Mitumbwi mingi ya Bunyonyi huchongwa kwa mkaratusi. Mti huu asili yake ni Australia, ila umeshikilia milima ya eneo hili la Kigezi kana kwamba umekuwa huko tangu zamani: hukua haraka, hunyooka, na shina lake hutoa gogo refu lisilo na vifundo vingi. Kasoro yake fundi anaijua vizuri. Mkaratusi ukikauka kwa pupa hupasuka, na jua la mchana mmoja linaweza kuharibu kazi ya siku nyingi. Shoka hutoa umbo la nje, ncha mbili na mgongo wa mviringo. Tezo ndiyo huingia ndani kuchimba tumbo. Hapo ndipo ufundi ulipo, kwa sababu fundi hukata huku akiacha. Kitako lazima kibaki kinene, maana ndicho kitakachoburuzwa juu ya mawe na ndicho kinachokipa chombo uzito wa chini. Mbavu zipunguzwe, zisipunguzwe mno. Kosa la unene wa kidole halina dawa. Pengo huzibwa kwa bati na misumari, na mtumbwi wenye bati huendelea kufanya kazi, lakini fundi akiuona hupita akiutazama upande mwingine.

Hakuna mitumbwi miwili iliyo sawa, kwa sababu hakuna magogo mawili yaliyo sawa. Mti uliopinda kidogo ulipokuwa ukitafuta jua hutoa mtumbwi unaovuta kushoto maisha yake yote. Mwenyewe anajua. Akikaa nyuma, kafi lake limeshajipanga upande unaofaa kabla gati halijaachwa, na huwezi kumwona akifikiri juu ya jambo hilo.

Mgeni akipewa kafi kwa mara ya kwanza, mtumbwi huzunguka pale pale. Anapiga kulia, pua inageuka kushoto. Anahamia kushoto kwa haraka, pua inarudi kulia kupita kiasi. Baada ya dakika chache ameshaona kisiwa kile kile mbele, ubavuni na mgongoni, na mikono imechoka. Wengi hudhani tatizo ni nguvu. La hasha. Mtumbwi huu hauna mkuku chini wa kushika maji, wala hauna usukani. Msomaji wa pwani anayeijua ngalawa, yenye mbao mbili za pembeni zinazoizuia isilale, afikirie chombo kama hicho kikiwa kimevuliwa kila msaada: linabaki gogo la mviringo juu ya maji, tayari kugeukia popote linapoguswa.

Jibu liko mwishoni mwa pigo. Mpiga kafi wa Bunyonyi huchoma maji mbele ya goti, huvuta sambamba na ubavu wa mtumbwi, kisha kafi likishapita nyonga, kifundo cha mkono hugeuka na bapa la kafi husukuma maji nje kidogo, mbali na mtumbwi. Mvuto uliipeleka pua kushoto. Msukumo huo mdogo unairudisha. Kwa hiyo pigo moja linabeba mwendo na usukani pamoja, na mtu anaweza kukaa upande mmoja kutoka Rutinda hadi kisiwani bila kubadili mkono. Wakiwa wawili, wa mbele hutoa nguvu na wa nyuma ndiye nahodha. Macho hayatazami pua. Hutazama mti au paa la mbali, kwa sababu pua ikionekana kuwa imepotea, tayari umechelewa.

Kuna siri nyingine ambayo huwashangaza wanafunzi. Wanapoona wanapotea, huacha kupiga, wakidhani wakitulia chombo nacho kitatulia. Kinyume chake ni kweli. Mtumbwi unaokwenda husikia kafi. Uliosimama hutii upepo, na Bunyonyi alasiri huwa na upepo wake, unaoshuka milimani na kupita kwenye mikono ya ziwa. Mzee wa kafi huondoka asubuhi, hubana kando ya matete anaporudi, na huwapanga abiria ili pua isiinuke, maana pua iliyo juu hushikwa na upepo kama tanga.

Ufundi huu haukuzaliwa kwa ajili ya watalii. Siku za soko, akina mama huvuka na viazi, mtama na ndizi, mtumbwi ukiwa umelemewa hadi maji yanakaribia ukingo, na mapigo yao huwa mafupi zaidi, ya kuutuliza mzigo. Watoto huvuka kwenda shule. Kisiwa cha Bwama, ambacho leo kina shule na kituo cha afya, kilikuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma yaliyoanzishwa na daktari Mwingereza Leonard Sharp mwaka 1931. Mwenyewe aliishi kisiwa jirani cha Njuyeera. Wagonjwa, dawa na chakula vyote vilihitaji kuvushwa majini. Karibu yake kuna Akampene, kijisiwa ambako wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walitelekezwa wafe njaa. Baadhi waliokolewa na wanaume maskini wasio na mahari, waliokwenda kuwachukua kwa mtumbwi na kuwaoa. Anayepita hapo kwa injini huonyeshwa nyasi na mti mmoja, akapiga picha. Anayepita kwa kafi hupata muda wa kupima umbali kutoka kisiwani hadi nchi kavu kwa mabega yake mwenyewe, na kuelewa kwa nini msichana asiyejua kuogelea hakuwa na pa kwenda.

Ndiyo maana inauma kuona safari ya mtumbwi ikiuzwa kama chaguo la wasio na pesa, na mpiga kafi akilipwa kama mbeba mizigo. Anafundisha mwili wa mtu mwingine jambo lisiloandikika, tena kwa lugha isiyo yake, huku akiwalinda wote wawili wasipinduke. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na bei yake ingefaa ipangwe hivyo.

Anayetaka kuona ustadi huu katika kilele chake awatafute wavuvi wa kamba wa maji baridi, kamba wale wekundu wenye asili ya Marekani Kaskazini walioletwa ziwani na kuzaana. Mvuvi huingia peke yake kati ya matete, ambako injini haipiti. Mkono mmoja unavuta kamba ya mtego. Wa pili, kafi likiwa limebanwa chini ya kwapa, unasukuma maji kidogo kidogo ili mtumbwi usisogee hata shubiri. Anawamwaga kamba, anarudisha mtego, anahamia wa pili. Adhuhuri mavuno hayo yanafika jikoni kwenye hoteli za ufukweni, na walioshuka kwenye boti za injini wanayala kwa mchuzi.