Mbwa Msikivu

Mageti ya Nairobi yamejaa mabango ya "Mbwa Kali" (sarufi tuwaachie wenye mageti). Bado sijaona bango linalosema "Mbwa Msikivu", ingawa kumpata huyo wa pili ndiko kwenye kazi. Ukali mbwa huweza kuzaliwa nao, au akaupata kwa kufungiwa bandani mchana kutwa. Lakini mbwa aliyefunguliwa ukanda kwenye vijia vya mashamba ya chai kule Limuru, akanusa sungura, akatimua mbio, kisha akasikia anaitwa na kugeuka, huyo ametengenezwa na mtu. Mtu huyo ndiye ninayemsifu hapa.

Ufundi wake hauonekani, maana mpita njia huona dakika ya mwisho tu. Hakuona siku zilizotangulia, mbwa akiitwa sebuleni, hatua tatu kutoka kwa mwenyewe, na kupewa kipande cha ini papo hapo. Papo hapo, si baada ya kupapasa mifuko: ukichelewa, mbwa atadhani amelipwa kwa kukaa, au kwa kunusa kiatu chako. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hutokwa na mate kwa kusikia sauti tupu, mradi sauti hiyo imezoea kutangulia chakula. Mwalimu wa mbwa hufanya vivyo hivyo na neno "njoo". Hulitia utamu mapema, kabla hajalihitaji.

Baada ya sebule ni uani, na baada ya uani ni kamba ndefu, ya mita kumi hivi, inayoburuzika nyasini. Si ya kumkokota mbwa kama mbuzi wa mnadani. Ipo ili mbwa asipate hata mara moja faida ya kuupuuza mwito. Akiitwa, naye akaendelea kumkimbiza kuku wa jirani, basi siku hiyo kuku ndiye mwalimu, na hufundisha vizuri kuliko wewe.

Ndiyo maana fundi haiti ovyo. Anayepayuka "njoo, njoo, njoo wewe!" huku mbwa akichimba shimo anamzoeza kuona kuwa neno hilo ni kelele kama kelele nyingine. Kibaya zaidi ni kumwita ili umchape. Mbwa haunganishi kiboko na kosa alilofanya kitambo. Anachojua ni kwamba alikuja, akapigwa. Neno likishaharibika hivyo, walimu wengi hawahangaiki kulitibu. Hulitupa, wakaanza upya na neno jingine, au na filimbi. Filimbi ina sifa ambayo koo la binadamu halina: haikasiriki. Wachungaji wa kondoo wa Uskoti na Wales nao hutegemea mluzi, na wakitumia mbwa wawili uwanja mmoja, kila mbwa huwa na miluzi yake, ili mmoja azunguke huku mwenzake amelala chini akingoja zamu.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Najua pwani kwetu mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na mafakihi wa Kishafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao, ikawabidi waeleze ni mnyama gani hasa huitwa aliyefunzwa. Masharti yao ningeyabandika ukutani: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata windo asilile, na hayo yajirudie mpaka ionekane kweli ni tabia yake. Hilo la kujirudia ndilo linalonifurahisha. Mbwa aliyerudi mara moja huenda alikuwa na njaa tu.

Kuna pia ule umri wa ubalehe, mbwa akishapita miezi sita, ambapo hujifanya kiziwi kwa yote aliyofunzwa. Hapo dawa ni kurudi kwenye kamba, bila kinyongo.

Na kuna siri ambayo hata watu waangalifu huikosa. Wengi humwita mbwa wakati wa kwenda nyumbani tu, na mbwa si mjinga: haraka sana hung'amua kwamba "njoo" maana yake starehe imekwisha, akaanza kujibakisha mbali, hatua chache nje ya mkono wako. Fundi humwita mara kwa mara katikati ya matembezi, bila sababu yoyote. Mbwa huja, hushikwa ukosi, hupewa kipande chake, kisha huambiwa "haya, nenda", akarudi kunusa pale pale alipoachia. Kwa hiyo ule mwito wa jioni, ukanda ukiwa tayari mkononi, hana namna ya kuutofautisha na mingine.