Nukta Iliyo Peke Yake

Mwaka 1999 Lawrence Lessig, akifundisha sheria Chuo Kikuu cha Harvard na akiwa mmoja wa wanazuoni wa Berkman, kituo cha chuo hicho kinachotafiti intaneti na jamii, alichapisha kitabu Code and Other Laws of Cyberspace. Humo amechora nukta moja inayobanwa na nguvu nne: sheria, desturi, soko, na jinsi kitu kilivyojengwa. Nukta hiyo ni mtu. Kwenye intaneti, anasema, kilichojengwa ni programu, nayo hutawala kama sheria.

Hapa Mbinga hoja hiyo haihitaji mkalimani. Wamatengo wamelima ngolo milimani kwa vizazi: wanaume hupanga nyasi miraba miraba, wanawake huzifunika kwa udongo, na mashimo yanayobaki katikati huyatuliza maji ya mvua. Hakuna mgambo anayeyakataza maji yasibebe udongo. Umbo la shamba linatosha. Sheria nayo tumeiona: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu walipe zaidi ya shilingi milioni 2 mwaka wa kwanza. Na bando likiisha, soko limeshasema.

Ninachokikataa ni ile nukta. Shangazi yangu hana simu janja. Msimu wa kahawa, mwanawe husoma bei kwenye kundi la WhatsApp, humweleza kwa Kimatengo, naye huamua auze au asubiri. Mtumiaji hapo ni nani? Mwenye simu hana mibuni. Mwenye mibuni hana akaunti.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini, kijana alikosa mtandao. Shangazi alikosa sauti ya binti yake aliye Dar es Salaam, ambayo kila jioni huwekewa asikilize. Katika mchoro wa Lessig, hasara hiyo ya pili haina mahali pa kuandikwa, maana aliyeipata hakuwahi kuingia mtandaoni.

Hili si dogo. Anayehesabu akaunti atasema shangazi hakunyimwa kitu. Lakini shimo moja la ngolo halizuii mmomonyoko; kinachozuia ni mashimo yaliyoshikana. Mimi ningechora nukta mbili na mstari kati yake, kisha ningeuliza: ni nani mwenye uwezo wa kuukata mstari huo, na anawajibika kwa nani?