Ferme Nzuri, Mwenyeji Hayuko: Tusome Vizuri Picha za "Uswisi ya Afrika"

Kila mara barabara ya Sake ikitulia hata kwa wiki mbili tu, simu zetu zinajaa picha za Masisi. Munazijua: kilima cha kijani, ng'ombe watatu wenye madoa, ukungu wa asubuhi, hema moja karibu na ua wa ferme, na kipande cha fromaji juu ya ubao. Chini yake maneno ni yaleyale: "Hapa si Ulaya, ni Congo. Uswisi ya Afrika." Leo nataka tuzisome picha hizo kama tulivyofundishwa kusoma kitabu: nani anaongea, nani hasikiki, na nani anapata faida.

Kwanza tuzipe haki yao. Kuhusu uzuri, picha hazidanganyi. Ukipanda kutoka Sake kwenda Mushaki mpaka Kilolirwe, macho yenyewe yanashiba. Maziwa ya Mokoto yako pale, na monasteri yake. Fromaji ya Masisi inauzwa Goma, na ilikuwa inapanda ndege mpaka Kinshasa. Tena, kamera ilikuja Kivu miaka mingi kutafuta maiti na machozi tu. Wenye waliona filamu Stop Filming Us, ya Mholanzi Joris Postema, wanajua jinsi vijana wa Goma wamechoka na jambo hilo. Kijana anayepiga picha ya kilima kizuri anajibu dharau ya miaka mingi. Ni jibu zuri. Shida ni kwamba limeishia katikati.

Linaishia kwenye lile neno "Uswisi". Linalinganisha majani na baridi, basi. Halisemi kitu juu ya watu. Tuache Uswisi kidogo, tuchukue Wales, kule Uingereza. Nako ni vilima, mvua na ukungu, na kondoo ni karibu mara tatu ya watu. Familia nyingi za mijini huko zinapenda kwenda kulala kwenye hema katika shamba la mkulima. Watoto wanaokota mayai, wanalisha wana-kondoo, wanarudi na matope mpaka magotini. Mkulima anapokea pesa ya hema juu mifugo peke yake haimtoshi kila mwaka. Mara nyingi yule anayekuonyesha pa kusimamisha hema ndiye mwenye shamba, ama mtoto wake. Yuko na karatasi yake, na usiku analala pale pale.

Sisemi Wales ni paradiso. Mwaka 1965 bonde la Tryweryn lilifunikwa na maji ili mji wa Liverpool upate maji ya kutosha, na kijiji cha Capel Celyn kikazama. Lakini mgeni akipita barabara ya pwani karibu na Llanrhystud, anakuta ukuta umeandikwa kwamba Tryweryn ikumbukwe. Anakwenda kupumzika, na njiani anaambiwa nani aliondolewa.

Sasa turudi kwenye picha zetu. Mwenyeji ni nani? Ferme nyingi za Masisi zina asili yake kwenye ardhi iliyogawiwa walowezi wakati wa wakoloni, hasa baada ya Comité National du Kivu kuundwa mwaka 1928. Kuanzia 1937 Wabelgiji wakaleta familia kutoka Rwanda kupitia mpango wao wa uhamiaji, ili wapate mikono ya kazi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianisation, na ferme nyingi zikaenda kwa watu wenye mkono mrefu serikalini. Mkulima Mhunde wa zamani na mjukuu wa yule aliyeletwa kufanya kazi, wote wawili wakabaki pembeni ya ua. Mwaka 1993 vita ikaanzia sokoni Ntoto, Walikale, ikapanda mpaka Masisi. Watu walikufa, ng'ombe wakaporwa. Vita ile ilikuwa na mambo mengi, lakini ardhi ilikuwa ndani yake tangu mwanzo.

Ndiyo maana kwenye picha mwenye ferme haonekani: mara nyingi yuko Goma, Kinshasa, ama mbali zaidi. Anayeonekana ni mchungaji mwenye buti na fimbo, na jina lake haliandikwi. Nyuma ya kilima kuna mama anayelima kipande cha ferme hiyohiyo na kukilipa kwa siku za salongo. Yeye haingii kwenye picha kabisa, juu jembe linaharibu "Uswisi".

Halafu kuna hema. Kwetu neno "kambi" halina sauti ya likizo. Ukisema kambi, mtu wa Goma anasikia Mugunga, Bulengo, Kanyaruchinya. Watu wengi wa Masisi walilala pale chini ya shitingi, juu ya mawe ya volkano. Februari 2025, M23 ikisha kuchukua Goma, kambi zikavunjwa na watu wakaambiwa warudi kwao. Na ukishuka upande wa msitu wa Walikale, kwenye machimbo ya dhahabu kama Omate, mchimbaji naye analala chini ya shitingi, na hakuna anayeita hiyo utalii. Hema ni lilelile. Tofauti ni kwamba mmoja anaweza kuamua kurudi nyumbani kesho, mwingine hawezi.

Kuna atakayeniambia: "Ndugu, acha watu wapumzike! Kila kitu munageuza siasa." Namuelewa. Watu wa Kivu wako na haki ya kupumzika kuliko watu wengi duniani, na siku familia ya Goma itapeleka watoto Kilolirwe kuona ng'ombe wakikamuliwa, bila kuhesabu vizuizi vya askari njiani, nitafurahi sana. Lakini likizo ile inahitaji kitu ambacho picha inakificha: mkaribishaji mwenye haki ya kukaa pale anapokaribisha. Watu walioambiwa warudi, warudi kilima gani, kama kilima chao kinajulikana tu kama majani matupu yanayosubiri watalii? Picha ya kilima bila watu inamsaidia yule anayetaka watu wasirudi.

Kwa hiyo tupige picha, tena nyingi. Ila tuandike jina la kilima, si "Uswisi". Tumuulize mchungaji kama anapenda jina lake liandikwe, na akikubali tuliandike. Tumuulize yule mama wa salongo siku ngapi anatoa kwa kipande kile. Ni sisi wenye diploma tunaoandika maneno chini ya picha hizi, na kuuliza swali moja zaidi hakutugharimu hata megabaiti moja.