Istilahi za Nyumba za Kupanga katika Maamuzi ya Halmashauri: Mfano wa Karagwe na Kyerwa

Kitenzi "kupanga" kina maana mbili ambazo katika ofisi za ardhi hugongana kila siku. Afisa anayepanga mji na mwalimu aliyepanga chumba mjini Kayanga wote wawili, kwa kanuni za unyambuaji, ni "wapangaji". Aidha, "upangaji wa nyumba za makazi" waweza kusomwa kuwa ni kazi ya afisa huyo, au ni mapatano kati ya mwalimu na mwenye nyumba. Katika mazungumzo utata huu hauna madhara. Katika tangazo lililobandikwa ubaoni, ambalo jirani hulisoma peke yake ili aamue kama ataweka pingamizi au la, madhara yapo.

Makala haya yanahakiki istilahi zinazotumika pale nyumba moja inapokaliwa na watu wengi wasio wa jamaa moja. Tumechukua mfano wa Karagwe na Kyerwa kwa sababu huko jambo hili liko wazi. Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, na wilaya mpya huhitaji watumishi, nao watumishi huhitaji vyumba. Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo ni mahali pa biashara. Zaidi ya hayo, wanafunzi wa sekondari ambao kwao ni mbali na shule hupanga vyumba vijijini. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya baba, mama na watoto huishia kuwa vyumba sita na ukumbi katikati. Je, hayo bado ni "makazi"?

Jibu hutolewa chini ya sheria zaidi ya moja. Panapotangazwa kuwa eneo la mpango hutumika Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Kwenye ardhi ya kijiji hutumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, na hapo mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Sheria zote hizi zilitungwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria. Kwa muda mrefu, basi, istilahi zilifika kijijini kwa tafsiri ya yeyote aliyekuwa na kalamu ofisini.

Tuanze na "nyumba ya familia moja". Kinyambo hutofautisha enju, yaani jengo, na eka, yaani maskani pamoja na watu wake. Mzee mwenye wana watatu waliooa, nao wamejenga ndani ya kibanja kimoja cha migomba, atasema bila kusita kwamba hiyo ni familia moja. Mtaalamu wa mipango ataona majengo manne na majiko manne. Kinyume chake, watumishi sita wa vyumba sita si familia hata kidogo. Analolitafuta mtaalamu si undugu. Anatafuta idadi ya wanaotegemea choo, maji na njia ile ile. Neno linalomfaa tunalo tayari, nalo lilitumika katika Sensa ya mwaka 2022: kaya, watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Tunapendekeza "nyumba ya kaya moja" na "nyumba ya kaya nyingi". Kwa maneno hayo mkutano wa kijiji utaweza kuhesabu badala ya kubishana.

Wapo wanaopendelea "makazi ya pamoja". Sisi hatuipendelei hata kidogo. Kwa masikio ya watu wazima, kuishi pamoja kunakumbusha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, ambapo watu walisogezwa wakae karibu, lakini kila mmoja katika nyumba yake. Istilahi ambayo msikilizaji ameshaijaza historia nyingine haifai kuwekwa katika tangazo la kiwanja.

Neno "kaya" nalo lina mpaka wake. Wanafunzi wanne wanaolala chumba kimoja na kupika chungu kimoja ni kaya moja, na nyumba yenye vyumba sita vya namna hiyo itahesabiwa kuwa na kaya sita, ingawa wanalala humo watoto ishirini na wanne. Kwa nyumba hizi itajwe idadi ya walalao, na jina liwe "hosteli". Baadhi ya waandishi huziita "bweni". Huo ni upotofu wenye hatari. Bweni ni la shule, lina mlezi na lina utaratibu wa usiku. Mzazi anayeambiwa kwamba binti yake amepata nafasi katika bweni huamini kuwa yupo mtu mzima aliyekabidhiwa dhamana, kumbe kuna mwenye nyumba apokeaye fedha mwisho wa mwezi tu. Halmashauri inayoidhinisha "bweni" la mtu binafsi huwa imeidhinisha jambo ambalo haikulikagua.

Kuhusu "makazi na biashara", ambayo ni aina ya kiwanja inayojulikana sana, hoja ni fupi. Wengi huelewa biashara kuwa duka. Kama halmashauri inakusudia kwamba kupangisha vyumba nako kuhesabiwe humo, iandike "upangishaji wa vyumba". Neno "upangaji" liachiwe wapangaji, naye mtaalamu aendelee kuitwa afisa mipango miji kama ofisi zilivyokwisha kuzoea.

Imebaki "kodi". Mpangaji wa Omurushaka hulipa kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliye na hati hudaiwa na serikali kodi ya pango la ardhi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, ambao katika nyumba ya kaya nyingi hufanywa na wapangaji wenyewe. Mpangaji akisoma katika tangazo kwamba "kodi ya pango" haijalipwa, hana njia ya kujua kama anayedaiwa ni yeye. Kwa malipo ya chumba, "pango" peke yake latosha, na "kodi" ibaki kuwa ya serikali.