Mkono Unaojua Kusubiri

Katika upasuaji wa kifua kwa matundu madogo, tone la damu huonekana kubwa kuliko lilivyo. Kamera hulikuza, na likirukia lenzi, skrini nzima huwa nyekundu. Hata lisipoifikia, damu hunywa mwanga na kifua chote hufifia. Hapo ndipo fundi hujulikana. Mpasuaji aliyekomaa hakimbilii kuunguza kwa moto. Huchukua shashi iliyokunjwa, akaibana kwenye ncha ya koleo refu, akaikandamiza panapovuja, kisha akatulia. Dakika hupita, na nyingine, na nyingine. Hachungulii, kwa maana anayeinua shashi kila mara kuona kama damu imekata hulibandua donge changa lililoanza kushika, na kazi huanza upya.

Utulivu huo una elimu ndani yake. Ateri ya mapafu ina kuta laini zinazochanika upesi, lakini shinikizo lake ni dogo: kwa mtu mzima mwenye afya, kilele chake ni kama milimita 25 za zebaki, ilhali katika ateri ya mkono hufika 120. Ndiyo maana tundu dogo kwenye tawi lake mara nyingi huziba kwa kukandamizwa tu. Wengine hulisukuma pafu lenyewe juu ya jeraha, likafanya kazi ya shashi. Ateri ndogo zinazolisha njia za hewa hazibembelezeki hivyo, kwa kuwa hupokea damu ya aota. Hizo hutaka klipu au kuunguzwa. Jicho lililozoea huzitofautisha mapema. Damu ya ateri ya mapafu ni nzito kwa rangi, haijapata oksijeni. Ile nyingine hung'aa na kuruka.

Tena, fundi mzuri huizuia damu kabla haijatoka: hupenyeza chombo juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwani mishipa imejificha chini ya ukingo wa ubavu ulio juu yake.

Ustadi wa kazi hii una mizizi ya zamani. Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, aliyechapisha taarifa yake ya kuchungulia kifua mwaka 1910, hakuwa hata mpasuaji. Alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani. Baadaye alikata kwa waya wa moto nyuzi zilizogandisha mapafu ya wagonjwa wa kifua kikuu kwenye ukuta wa kifua, akitazama kwa jicho moja kupitia mrija mwembamba. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana, ustadi huo ukasahaulika karibu kila mahali, hadi kamera za video zilipourudisha mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ulirudi pamoja na mashine nyingi, na mashine zimefundisha haraka. Siku hizi kila tone huchomwa. Moshi hutanda, tishu huwa nyeusi, na chanzo cha damu hupotea chini ya masizi. Neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia hupita kando ya moyo, na joto likiifikia, mgonjwa anaweza kuondoka na nusu ya kiwambo isiyosogea, kwa sababu ya uvujaji ambao shashi ingeumaliza.

Hata hivyo kukandamiza hakujapitwa na wakati: huko Chengdu, China, mpasuaji Lunxu Liu na wenzake waliufanya mrija wa kufyonza ukandamize mshipa uliochanika huku ukinyonya damu, wakapata nafasi ya kuushona bila kukifungua kifua. Wanafunzi wengi huvutiwa na ule ushonaji. Kule kukandamiza, kulikouwezesha, hakuna anayewasimamisha wakutazame.